Paa Kipofu

Fridolin Disler hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakuwahi kumwomba mtu ampende. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpimaji wa jibini katika ghala la mjini kwetu, kusini mwa Wisconsin, na kazi ya mpimaji ni kumtazama usoni mtu aliyechemsha maziwa, akayakoroga, akaigeuza jibini yake miezi mitatu, kisha kumwambia ni ya daraja la pili. Fridolin aliwaambia hivyo majirani, waumini wenzake na kaka yake wa tumbo moja, halafu akawauliza kama wana nyingine. Kuna waliomnunia miaka kumi. Hakugundua.

Jibini ya kwetu ni ile ya Kiswisi, gurudumu zito kuliko mtu mzima, lenye matundu ndani. Hayo matundu tunayaita macho. Huwezi kulipasua gurudumu zima ili uyaone, kwa hiyo mpimaji hugonga. Fridolin alikuwa na bambo lake, chuma chembamba chenye mfereji kama lile la kuchomea magunia ya nafaka, lenye mpini wa mti. Aligonga kwa mpini, sikio karibu na ganda, uso umekunjamana kama anayesikiliza uongo. Jibini yenye macho mazuri hutoa sauti iliyoshiba. Yenye ufa hulia kama kopo. Na ile iliyoshikana ndani, isiyo na tundu hata moja, haisemi kitu. Unagonga na sauti inafia hapo hapo. Hiyo tunaiita kipofu. Fridolin akishalitamka neno hilo, mtu alipakia gurudumu lake akaenda zake bila kubisha. Kama sauti ilimtia shaka aligeuza bambo, akalichoma, akalizungusha, akachomoa kipande chembamba, akakinusa na kukirudisha mahali pake. Kula hakula. Aliyoipenda yeye ni ile jibini nyingine inayonuka soksi, juu ya mkate mweusi na kitunguu kibichi, na ndiyo maana chakula cha mchana alikula peke yake.

Sasa mtu wa namna hii na mbio za magari wapi na wapi? Magari aliyaona ni upuuzi, na madereva aliwaona ni wanaume wazima waliovaa pajama. Lakini klabu ya mbio ya kaunti yetu ilikuwa imeshafukuza wakaguzi watatu, mmoja kwa ajili ya bia, mmoja kwa ajili ya tairi, na wa tatu kwa ajili ya shemeji yake, ikawa inatafuta mtu asiyenunulika. Wakamfuata Fridolin ghalani. Aliuliza swali moja tu: "Mna kitabu?" Wakampa kitabu cha kanuni. Alikaa nacho siku mbili, akakirudisha kikiwa kimepigwa mistari ya penseli mahali kumi na tisa, akasema atafanya.

Aliongeza na kanuni moja ya kwake, kwa ajili ya yule mkaguzi wa tairi, ambaye alikuwa amelia mbele ya kamati kwamba alizitoa tu, hakujua zitatumikaje. Kanuni yenyewe ilisema hivi: ofisa yeyote akimpa mshindani kitu kilichotumika kuvunja kanuni, awe alijua au hakujua, hatakagua tena.

"Hata kama hakujua?" aliuliza Doris Lanphear, karani wa mbio, mama mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani.

"Mkaguzi asiyejua kinachotoka mkononi mwake anakagua nini?" alisema Fridolin.

Waliipitisha kwa sababu ilikuwa saa ya kula. Huo ulikuwa mwaka 1968.

Magari yenyewe yalikuwa yale ya milango miwili, yenye injini kubwa kupita akili, yale wenyewe wanayaita ya misuli. Yalitengenezwa kwenda mbele, na kusimama ni kwa maombi. Sisi tuliyakimbiza kwenye barabara ya vilima na kona kumi na mbili, katika lililokuwa shamba la Holloway. Kanuni iliyobeba zote ilikuwa moja: bodi iwe ile ya kiwandani, bati lile lile, unene ule ule, ili anayeshinda awe dereva na siyo tajiri. Kanuni nzuri kabisa, na ilidumu mpaka alipokuja Clifford Haverkamp.

Huyu alikuwa na kiwanda cha mabafu huko Illinois, ng'ambo ya mpaka, na tumbo la mtu aliyezoea vikao. Alikuja na gari la bluu, lori la kulibebea, mafundi wanne wenye sare, na dereva wa kuajiriwa ambaye jina lake hatukulishika, kwa sababu Haverkamp mwenyewe hakuwahi kulitaja. Mwaka wa kwanza alishindwa. Mwaka wa pili hakuhangaika na injini, alijipenyeza kwenye kamati ya kanuni. Masika ya 1971 kitabu kikatoka na kifungu kipya: milango na boneti za bati jembamba zinaruhusiwa, mradi ziwe na namba ya katalogi na mtu yeyote aweze kuziagiza. Mtu yeyote, eti. Zilitengenezwa seti tatu tu. Zote tatu zilikuwa kwa Haverkamp, moja garini na mbili stoo.

Fridolin aligonga mlango wa gari la bluu akasikia kopo. Akatafuta namba, akaikuta imepigwa vizuri kwenye bawaba. Akachora tiki ya chaki kwenye kioo cha mbele, alama yake kwamba gari limepita.

"Vipi, Bwana Disler?" Haverkamp akamuuliza, akitabasamu kwa meno yote. "Ni halali?"

"Ni halali. Sikusema ni safi."

Haverkamp alicheka akampiga bega. Fridolin alilifuta bega kwa kitambaa mbele yake, taratibu, akaenda kwenye gari linalofuata.

Aliyeumia zaidi na milango ile alikuwa Merle Zweifel, mume wa Verena, binti pekee wa Fridolin. Merle alikuwa mtoto wa mtengeneza jibini na dereva wa lori la maziwa la baba yake, na gari lake la njano alilijenga mwenyewe bandani, kati ya ndama na mashine ya kuvunia, kwa misimu mitatu ya baridi. Kuendesha alijua. Hilo hata Fridolin alikubali, ingawa alilikubali kimoyomoyo. Lakini alikuwa mlalamishi, jamani. Kila Jumapili baada ya kanisa walikula pamoja, na kila Jumapili ilikuwa wimbo ule ule.

"Baba, hebu niambie. Hiyo ni haki?"

"Pitisha viazi."

"Mtu anaandika kanuni, halafu anashinda kwa kanuni aliyoandika mwenyewe. Na wewe unamwekea tiki."

"Namwekea tiki kwa sababu kitabu kinasema hivyo. Kitabu kikisema aje na punda, nitampima punda."

"Basi kitabu ni cha kijinga."

"Cha kijinga, ndiyo. Kwani kuna aliyekataa? Viazi, Merle."

"Mpe baba viazi," alisema Verena, ambaye alikuwa ameshachoka na wote wawili tangu Mei.

Mwezi wa Juni zikaja fununu kwamba kuna timu zinalowesha mapaa kwenye asidi, bati linaliwa mpaka linabaki ngozi, gari linakuwa jepesi juu na kushika kona vizuri zaidi. Paa halikuwa kwenye kifungu cha Haverkamp. Paa jembamba lilikuwa haramu kwa kila mtu. Lakini utapimaje unene wa paa bila kulikata? Kamati ikakaa, wakakuna vichwa, wakaagiza kahawa. Ndipo Merle akasimama huko nyuma ukumbini.

"Mwacheni baba agonge," alisema. "Mtu anayesikia ufa ndani ya jibini atashindwa kusikia bati?"

Watu walicheka, Haverkamp akacheka kuliko wote, lakini wakaandika: mkaguzi anaweza kugonga, na akitia shaka anaweza kutoboa kitambaa cha dari kwa ndani aangalie. Merle alikuwa na hakika paa la gari la bluu ni jembamba. Angeapa mbele ya mchungaji. Siku ile Fridolin alirudi nyumbani kwa miguu, na Verena alisema alimkuta jikoni akigonga jokofu.

Julai akagonga paa la bluu mbele ya watu wote. Lililia vizuri, sauti imeshiba kuanzia kioo cha mbele hadi cha nyuma. Halikuwa na tatizo. Haverkamp hakuhitaji kuiba kwenye paa, alishaiba kwenye kitabu. Fridolin akachora tiki, na Merle akasimama pale mdomo wazi, mtu aliyenyang'anywa kisingizio. Baada ya hapo aliacha kulalamika mezani. Fridolin alidhani amekua.

Agosti Merle alipita ghalani na lori, akaomba ndoo ya nta.

"Ya nini?"

"Hema la mama. Mishono inavuja."

Ghala lilikuwa na nta nyekundu ya kupaka jibini ndogo. Fridolin hakuwa mtu wa kutoa kitu kipya, kwa hiyo alimkwangulia mabaki ya mapipa mawili, nyekundu na nyeusi, yaliyoyeyuka pamoja yakawa rangi ya maini. "Ndoo irudi," alisema. Ndoo haikurudi.

Mbio za mwisho zilikuwa Jumapili ya pili ya Septemba. Gari la njano na la bluu yalikuwa sare kwa pointi, na atakayemtangulia mwenzake siku hiyo angechukua kombe na kwenda Georgia mwezi wa kumi na moja, kwenye fainali za nchi nzima. Hakuna mtu wa kaunti yetu aliyewahi kufika huko. Mama yake Merle alikuwa ameshanunua sanduku la safari. Kilima kizima kilijaa watu, soseji, bia, na wajinga wenye kengele za ng'ombe.

Mizunguko ishirini na nne gari la bluu liliongoza kwenye sehemu zilizonyooka na la njano likalifikia kwenye kona. Mzunguko wa ishirini na tano, wa mwisho, kona ya kumi na mbili, ile ya chini ya ghala la nyasi, Merle alilipita la bluu kwa upande wa ndani kwa mwendo ambao gari la uzito ule halina ruhusa kuwa nao. Tulidhani litabiruka. Halikubiruka. Lilikaa chini kama paka, likatoka mbele, likavuka mstari kwa urefu wa boneti moja. Kengele zikalia, Verena akalia, na Fridolin Disler, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa anatazama mbio akiwa amekaa kwenye kiti cha kukunja na kumenya yai, alisimama. Yai lilianguka. Alifurahi, na hakukataa baadaye alipoulizwa. Alimchukia Haverkamp tangu siku ya bega, na kumwona akishindwa na kijana wa lori la maziwa kulimfurahisha mpaka masikio yakawa mekundu.

Kisha akaokota bambo na chaki, akaenda kazini.

Magari matatu ya kwanza hukaguliwa baada ya mbio. Yaliwekwa kwenye zege nyuma ya mnara, Doris akiwa na fomu zake mezani, kamba imefungwa, watu wamejipanga nje ya kamba. La tatu lilipita. La bluu likapita, milango yake ya katalogi na kila kitu. Haverkamp alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, uso wa mtu anayeonyesha jinsi anavyojua kushindwa.

Fridolin akafika kwenye la njano. Merle alikuwa ameegemea tairi, kombe halijaja lakini tabasamu limeshafika. Fridolin aligonga boneti, ikalia. Akagonga milango, ikalia. Akainua mkono akagonga paa mara moja katikati.

Akasimama. Akagonga tena, kushoto. Tena kulia. Akasogeza sikio. Gari lilikuwa limetoka kukimbia saa nzima, bati bado lina joto, lilipaswa kuimba. Halikuimba. Sauti ilifia chini ya mpini.

"Kipofu," alisema.

Alisema kwa mazoea, hata si kwa nguvu. Doris akainua kichwa. "Nani kipofu?"

"Mzee anaongea na gari," alisema Haverkamp, na mafundi wake wanne wakacheka kama walivyoajiriwa.

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mtu mmoja. Merle alizaliwa kwenye jibini. Neno lile alilisikia baba yake akiambiwa ghalani wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Fridolin aligeuka akamtazama, na lile tabasamu lilikuwa limeondoka, rangi imemtoka hadi kwenye midomo. Kama angejitia hamnazo tu, kama angeuliza kama Doris, nani kipofu, pengine mzee angejilaumu sikio. Lakini mjinga hakuuliza.

Akasogea karibu. "Baba," alinong'ona. "Ni joto tu. Bati limeshika joto."

"Bati likishika joto linalia zaidi."

"Baba, Verena yuko pale."

"Namwona."

"Mama amenunua sanduku."

"Nalo nimeliona. Ni baya."

"Hakuna anayesikia unachosikia wewe. Si unajua? Ni wewe peke yako. Weka tiki twende zetu."

Na ilikuwa kweli. Chaki ilikuwa mkononi. Haverkamp masikio yake yalikuwa ya kusikilizia makofi tu, na Doris asingetofautisha paa na sufuria. Tiki moja kwenye kioo, na kijana wa kwetu yuko Georgia, na yule wa mabafu anarudi Illinois na milango yake. Fridolin aliitaka tiki ile. Tusimpambe, aliitaka sana. Alikuja kumwambia Verena kwamba kilichomkera hakikuwa hata ule wizi. Kilichomkera ni kwamba Merle alikuwa amekaa akawaza namna ya kulidanganya sikio lake, sikio lile lile alilolisifia ukumbini mbele ya watu, na akaona inawezekana.

"Fungua mlango," alisema.

Aliingia nusu mwili, akalala chali kwenye kiti cha dereva, miguu yake mirefu nje, akageuza bambo. Akalichoma kwenye kitambaa cha dari juu ya kichwa chake, akalizungusha robo, akachomoa. Kwenye mfereji wa chuma kulikuwa na kipande kirefu, laini, kizima kabisa, rangi ya maini.

Akakinusa. Hakuweza kujizuia, miaka thelathini na moja alinusa kila alichochomoa. Kilinuka ghala lake.

Alibaki amelala pale muda mrefu mpaka Doris akauliza kama amepata kizunguzungu.  Akakwangua nta kwa kidole, akafikia bati, akalisukuma kwa dole gumba. Paa likavimba kwa juu, mbele ya watu wote, kama kifuniko cha kopo la biskuti.

Waliokuwa nje ya kamba waliziweka kengele zao chini mmoja mmoja.

Alipotoka alimshika Merle kiwiko akamvuta nyuma ya gari. "Asidi umepata wapi?"

"Ile ya kusafishia mapipa ya maziwa." Sauti ya Merle ilikuwa ndogo. "Nilitoa paa kwenye gari bovu la makaburi ya magari, nikaliloweka siku nne kwenye pipa la zamani la baba yangu. Lilipotoka lilikuwa linapiga kelele kama debe. Nikajua utalisikia."

"Ukalipaka nta."

"Tabaka tatu."

"Ulipunguza ratili ngapi kwa asidi?"

"Kumi na tano."

"Na nta ina ratili ngapi?"

Merle alitazama viatu vyake. "Tisa."

"Ratili sita," alisema Fridolin. "Umejivua nguo mbele ya kaunti nzima kwa ratili sita. Ungeacha kula pai za mama yako mwezi mmoja ungezipata hizo bila dhambi. Mwizi mwenye akili ningemheshimu kidogo. Wewe hata kuiba umeiba kwa hasara."

"Yeye anaiba kila wiki na unamwekea tiki," alisema Merle, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Kila wiki, Baba."

Fridolin alimwachia kiwiko. Akaenda mezani kwa Doris akaomba fomu.

Aliijaza kwa mwandiko wake wa ghalani, herufi zimesimama wima. Gari: la njano, Zweifel. Kosa: paa jembamba. Ushahidi: umeambatishwa. Akaweka kile kipande cha nta juu ya fomu. Mstari wa tano ulikuwa umeandikwa Chanzo cha kifaa au malighafi, mstari ambao tangu klabu ianze hakuna aliyewahi kuujaza. Fridolin aliandika: Fridolin Disler, ghalani, Agosti, ndoo moja.

Doris akasoma, akabadilisha miwani, akasoma tena. "Frido, hakuna aliyeuliza nta imetoka wapi."

"Fomu imeuliza."

"Achana na fomu. Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi futa."

"Kanuni inasema awe alijua au hakujua. Wewe si ulikuwepo? Uliniuliza swali hilo hilo." Akafungua pini ya beji yake ya ukaguzi, ikakwama kwenye koti, akaing'oa na uzi wake, akaiweka kando ya nta.

Haverkamp alikuwa amesogea na mkono umenyooshwa. "Bwana Disler, lazima niseme. Mtu mwadilifu kama wewe simjui mwingine. Mkwe wako mwenyewe, looo."

Fridolin aliutazama ule mkono mpaka ukaanza kuchoka hewani.

"Yule kijana ni mwizi na mpumbavu," alisema. "Ameiba gizani, anatetemeka, ameharibu paa na ameharibu nta yangu. Wewe umeiba mchana, kwenye kikao, kwa kunyoosha mkono, na ukaomba iandikwe kwenye kumbukumbu. Yeye nimeweza kumkamata. Kwa hiyo usinipe mkono, sitaki kunuka bafu."

Akalipita gari la bluu akigonga mlango wake kwa mpini, kama mtu anavyogonga uzio akipita njia. Ukalia kopo, halali kabisa, na kombe likaenda Illinois.

Verena hakuongea na mumewe siku tisa wala na baba yake siku kumi na moja, na sisi wengine tuliongea kwa niaba yake. Kuna waliosema Fridolin ni roho mbaya, damu yake mwenyewe kaitosa. Kuna waliosema Merle kawaaibisha. Walikuwa ni watu wale wale, ilitegemea nani amekaa mezani. Januari kitabu kipya kikatoka. Kamati, mwenyekiti wake sasa Haverkamp, ilikuwa imefuta kugonga. Ukaguzi ungefanywa kwa mizani na kwa orodha ya namba. Kifungu cha kutoboa kitambaa cha dari pia kilifutwa, kwa heshima ya mali za watu. Mkaguzi mpya alikuwa muuza bima, mtu mchangamfu sana.

Machi Merle alileta jibini ya baba yake ghalani, magurudumu sita. Tangu Septemba alikuwa akimtuma mfanyakazi. Siku hiyo alikuja mwenyewe, na nyuma ya lori alikuwa amefunga trela, na juu ya trela lile gari la njano. Aliyashusha magurudumu. Fridolin akayagonga, yote sita.

"Daraja la kwanza," alisema.

"Asante, Baba."

"Mshukuru ng'ombe."

Merle akatoa ndoo kwenye lori, imesuguliwa mpaka inang'aa, akaiweka sakafuni kati yao. Akasimama akizungusha kofia mikononi.

"Nimerudisha paa la mwanzo," alisema. "Lile zito."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Si wamefuta kugonga? Ungekwenda nalo lile la biskuti mpaka Georgia, na yule wa bima angekupigia makofi."

"Najua."

Fridolin alimtazama kwa ile dharau yake ya siku zote, kuanzia viatu hadi nywele. Akachukua bambo. Akatoka nje kwenye baridi bila koti, akapanda trela kwa shida, akashika mlango ili asiteleze. Akagonga paa katikati, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Merle alisubiri mlangoni.

Mzee alibaki ameinama pale, sikio kwenye bati la njano, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Lina macho," alisema mwishowe. Akapitisha kidole kwenye mshono wa pembeni. "Lakini aliyelichomelea hakuwa nayo. Hii ni aibu, Merle. Njoo Jumapili baada ya kula nikushikie taa ulirudie."